Miwani ya VR na maumivu ya watoto hospitalini: kumzuga mtoto kunasaidia kweli, au ni mbwembwe? (Uzi mrefu)

#1 Fundi Vifaa

Wakuu, habari za jioni.

Juzi kuna mdau alirusha hapa kipande cha video: mtoto wa Brazili anachomwa chanjo huku kavaa limiwani la VR lililomfunika nusu ya uso (ukilivaa unaona ulimwengu wa kompyuta umekuzunguka pande zote), na hatikisiki. Uzi ukaishia kwenye utani, nusu ya watu wakasema ni tangazo la biashara, mods wakaufunga. Mimi ni fundi wa vifaa tiba na mambo haya nayafuatilia kitambo, kwa hiyo nayaleta upya, safari hii tuyajadili.

Waliosema ni tangazo hawakukosea sana. Ile ilikuwa kazi ya wakala wa matangazo kwa ajili ya maabara za Hermes Pardini, mwaka 2017. Ila tazameni kilichomo ndani. Mtoto yuko kwenye katuni, kapewa jukumu la kuulinda ufalme. Nesi ana skrini pembeni inayomwonyesha mtoto kafika wapi kwenye hadithi. Mtoto akiguswa na kitu cha baridi mle kwenye katuni, hapo hapo nesi anapitisha pamba ya spiriti. Kikija kitu cha moto, sindano inaingia. Mchomo haukufichwa. Mtoto anausikia, ila anausikia ukiwa sehemu ya hadithi.

Waaustralia nao wana yao, inaitwa Smileyscope, ya daktari Evelyn Chan wa Melbourne. Humo mtoto yuko baharini: pamba ni wimbi linalomlowesha mkono, sindano ni samaki wadogo wanaomdonoa. Waliijaribu kwa watoto wa miaka 4 hadi 11, wengine kitengo cha dharura, wengine maabara ya kutolea damu. Matokeo yalichapishwa 2019, na watoto waliovaa walisema maumivu ni madogo kuliko wenzao waliozugwa kwa njia za kawaida.

Lakini chimbuko la haya yote si sindano, ni vidonda vya moto. Hiyo ndiyo sehemu ninayotaka tuifikie. Narudi, nile kwanza.

#2 Mtata wa Mtaa

Nimevuta kiti. Ila mkuu nakutahadharisha, ukimaliza kwa kutuambia tununue miwani kwako, nitakuripoti.

#3 Fundi Vifaa

Siuzi kitu, Mtata. Twende.

Mwaka 1996, Seattle, jimbo la Washington. Hunter Hoffman, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, alikuwa anatumia VR kuwatibu watu wenye woga wa kupindukia wa buibui. Katika mji huo huo, hospitali ya Harborview, kulikuwa na mwanasaikolojia David Patterson aliyekuwa akiwatuliza wagonjwa wa moto kwa hipnosia (kumwongoza mtu kwa maneno hadi mawazo yake yazame kwingine) wakati wa kusafishwa vidonda. Wawili hawa wakakutana. Wazo likawa jepesi tu: kama hipnosia inapunguza maumivu kwa kuyahamisha mawazo ya mtu, basi tumpeleke mtu mahali pengine kabisa kwa macho na masikio yake.

Ripoti yao ya kwanza ilitoka 2000, ikihusu vijana wawili, mmoja wa miaka 16, mwingine 17. Yule wa 16 alikuwa kaungua mguu, kapandikizwa ngozi, na siku hiyo anatolewa pini za chuma zilizoishikiza ile ngozi. Wakapima kwa zamu: muda fulani anacheza gemu la Nintendo kwenye televisheni, muda fulani kavaa miwani. Kwenye gemu la kawaida maumivu yalibaki juu, kwenye miwani yakashuka sana. Na cha kuchekesha, alichokuwa anakiona humo ni jiko lenye buibui, kwa sababu ndiyo programu waliyokuwa nayo mkononi!

Baadaye ndipo wakatengeneza SnowWorld, ya wagonjwa wa moto hasa. Wagonjwa walikuwa wanasema kwamba kila wakisafishwa kidonda wanaurudia ule moto wenyewe akilini: jiko, kelele, nguo inavyoshika. Basi wakawapeleka kwenye kinyume chake. Unaelea polepole kwenye bonde la barafu, theluji inadondoka, unawarushia mipira ya theluji mapengwini na wanasesere wa theluji. Hutembei wala hukimbii. Hilo ni la makusudi: mtu akizungushwa sana humo ndani anapata kichefuchefu, na mgonjwa mwenye vidonda ukimtapisha umemwongezea kazi.

Wengine kidonda kinasafishwa wakiwa ndani ya beseni la maji, kwa hiyo ikabidi itengenezwe miwani isiyopitisha umeme karibu na maji, picha inasafiri kwa nyuzi za mwanga. Na walioungua uso hawawezi kuvalishwa kitu kichwani, hao wakawekewa miwani inayoning'inia kwenye mkono wa chuma, inasogezwa mbele ya macho bila kugusa ngozi. Mimi kama fundi, huo mkono wa chuma ndio ulionipa heshima kwa hawa jamaa. Inaonekana walikaa na mgonjwa kwanza ndipo wakashika bisibisi.

#4 Nesi wa Usiku

Nimefanya kazi wodi ya watoto, upande wa moto, kwa miaka. Watoto wetu wengi si moto wa nyumba, ni maji ya moto, uji, chai, mboga iliyoinjikwa chini. Mtoto wa miaka miwili anavuta sufuria, basi.

Niwaambie kitu ambacho hakimo kwenye tafiti. Mtoto anaijua sauti ya toroli. Lile toroli la vidonda lina gurudumu linalolia, na likianza kulia kule mwanzo wa korido, wodi nzima inaanza kulia kabla hujamgusa hata mmoja. Wa kitanda cha mwisho anateseka zaidi ya wa kwanza, maana kawasikiliza wenzake wote. Kisha bandeji imegandamana na kidonda, unailowesha kwa maji ya dripu, unasubiri, unaibandua kidogo kidogo, na mama amegeukia ukutani.

Kwa hiyo mtu akiniambia kuna kitu kinamtoa mtoto pale kwa dakika 20, sitacheka. Ila swali langu kwa Fundi ni moja: hao wa Seattle walikuwa wanampa mtoto dawa ya maumivu kwanza au hawampi?

#5 Fundi Vifaa

Wanampa, sista. Hilo nilitaka kulikazia. Miwani iliongezwa JUU ya dawa. Hakuna pale Harborview aliyesema toeni mofini, leteni barafu ya kwenye kompyuta. Hoffman na wenzake walifanya jaribio 2007 kwa watu wazima wenye afya, wakiwatia joto la kuumiza: dawa ya jamii ya mofini peke yake, VR peke yake, na vyote pamoja. Kila kimoja kilipunguza, na pamoja vilipunguza zaidi.

#6 Mtata wa Mtaa

Sawa, lakini kidonda ni kidonda. Neva zipo, zimechunwa. Mapengwini yanazizuiaje? Mtu anaumwa halafu anasahau kusema, basi. Hiyo si tiba.

#7 Fundi Vifaa

Swali zuri, tena ndilo lililowasumbua na wao.

Tangu 1965 kuna nadharia ya Ronald Melzack na Patrick Wall: taarifa ya maumivu haipandi moja kwa moja kutoka kwenye ngozi hadi kwenye ubongo. Kwenye uti wa mgongo kuna kama geti, na ubongo wenyewe una sauti katika kulifungua au kulibana. Ndiyo maana askari anaweza kujeruhiwa vitani asijue hadi apumzike, na ndiyo maana mtoto akijigonga unapasugua.

Sasa ongeza umakini. Umakini wa mtu ni daladala: una viti vyake. Maumivu nayo ni abiria anayetaka kiti. Ukizijaza siti kwa macho, masikio na mikono, anabaki mlangoni.

Na kuhusu "anasahau kusema": mwaka 2004 Hoffman na wenzake waliwaingiza watu kwenye mashine ya MRI, ile inayoonyesha ubongo unavyofanya kazi, wakawatia joto la kuumiza mguuni, mara wakiwa na SnowWorld mara bila. Sehemu tano za ubongo zinazohusika na maumivu zilipungua kufanya kazi wakati wa VR. Kwa hiyo si mdomo tu uliobadilika.

#8 Mtata wa Mtaa

Daladala haijai, mkuu. Konda atamwambia asogee nyuma.

Halafu nimeenda kutafuta, usidhani nimelala. Cochrane, wale wanaokusanya tafiti zote na kuzichuja, walilipitia jambo hili la watoto na VR mwaka 2020. Majaribio 17, watoto 1,008, wa miaka 4 hadi 18. Wakasema ushahidi ni dhaifu hadi dhaifu sana. Hiyo umeiruka kwa nini?

#9 Fundi Vifaa

Sijairuka, ilikuwa njiani, umeniwahi. Na nakupongeza kwa kuisoma.

Ila dhaifu hapo haina maana kwamba imeonekana haifanyi kazi. Majaribio mengi yalikuwa madogo, na kila mmoja alitumia kifaa chake, hadithi yake, umri wake, na maumivu yake: huyu sindano, huyu kidonda, huyu jino. Halafu kuna tatizo ambalo halina dawa: huwezi kumficha mtoto kama kavaa miwani au hajavaa. Anajua. Nesi anajua. Kwenye kidonge unaweza kutengeneza kidonge bandia, hapa huwezi.

Mimi nikiulizwa jaribio lipi linanishika zaidi, ni lile la Galveston, Texas, hospitali ya watoto ya Shriners, lililochapishwa 2019. Watoto 48, miaka 6 hadi 17, wengi kutoka Amerika ya Kusini na ya Kati, walioungua vibaya sana, wako ICU, wodi ya mahututi. Kila mtoto alilinganishwa na nafsi yake: sehemu ya usafishaji bila miwani, sehemu na miwani. Walipoulizwa maumivu makali kabisa yalifikia ngapi kwa 10, bila miwani wastani ulikuwa 8.5, na miwani 5.1. Angalieni hiyo 5.1. Mtoto bado anaumia, tena sana. Lakini kati ya nane na nusu na tano kuna tofauti ya mtoto anayeng'ang'ana na mtoto anayeweza kukaa.

#10 Nesi wa Usiku

Hizo namba za kumi kwa mtoto mdogo usimuulize kwa mdomo. Zipo zile nyuso sita za kuchora, ya kwanza inatabasamu, ya mwisho inatoka machozi, anakuonyesha kwa kidole. Donna Wong, nesi, na Connie Baker walizitengeneza kule Oklahoma miaka ya themanini mwanzoni, na waliwatumia watoto wa kitengo cha moto kuchora. Karatasi moja ya kuchapisha, ukaibandika ukutani. Wodi isiyokuwa na hiyo karatasi sioni itapimaje kama miwani imesaidia.

#11 Mwana wa Kagera

Niingie kidogo. Mnaongelea miwani wakati kuna hospitali mtoto anasafishwa kidonda kwa panadol. Huku kwetu mpakani tunaijua habari ya Uganda: daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda, huduma ya kuwatuliza wagonjwa wasiopona, mwaka 1993, mofini ya maji ikawa inachanganywa pale pale kutoka kwenye unga, ya kijani ni hafifu, ya pinki ni kali zaidi, na wagonjwa wanaipata bure. Nchi maskini, ikaamua. Mimi ningeanza na hiyo chupa kabla ya theluji.

Na kwa wale wanaosema mtoto husahau: hadi miaka ya 1980 huko Ulaya na Marekani vichanga vingi walipasuliwa wakiwa wamelegezwa misuli tu, nusu kaputi ndogo au hakuna, eti mishipa yao ya fahamu haijakomaa. Mwaka 1987 daktari Kanwaljeet Anand akiwa Oxford akaonyesha kwamba vichanga njiti waliopewa dawa ya maumivu vizuri wakati wa upasuaji miili yao ilistahimili vizuri kuliko wasiopewa. Ni juzi tu. Madaktari waliokuwa wakifanya hivyo wengine bado wapo hai.

#12 Fundi Vifaa

Nakubaliana nawe, mkuu wa Kagera. Chupa kwanza. Ila sioni kwa nini tuviweke kwenye ugomvi. Mofini ya kutosha kumtuliza mtoto wakati bandeji inabanduliwa inaweza kumwacha kasinzia mchana kutwa, hali chakula, na kidonda cha moto bila chakula hakiponi. Ukipata kitu cha kuongezea dakika zile tu halafu ukakivua, ni faida.

#13 Mama Nuru

Samahanini wataalamu, nimesoma kimya kimya tangu mwanzo. Mimi nipo Mwanza, mwanangu ana selimundu, ana miaka sita. Kwake kutafutwa mshipa ndiyo maisha. Mkono wa kushoto mishipa imeshajificha. Kuna hospitali moja, siitaji, tulipoingia usiku walimlaza chali, watu wazima wanne wakamkamata, mmoja kila kiungo, na mimi nikaambiwa nisubiri nje. Tangu siku ile akiona gauni jeupe hata la kipaimara anatetemeka.

Miwani sina na sitaipata. Naomba mniambie ninachoweza kufanya tukienda tena.

#14 Nesi wa Usiku

Pole sana, mama Nuru. Kwanza usitoke nje. Waambie kwa upole lakini usitoke.

Mpakate. Mtoto akilazwa chali anajiona ameshindwa kabla ya kuanza. Akikaa mapajani kwako kifua kwa kifua, mkono mmoja umepita chini ya kwapa lako unatokea nyuma, nesi anaupata mkono bila kumkandamiza, na yeye anakuona wewe. Wa selimundu ahakikishe amekunywa maji ya kutosha na mkono uwe wa joto, ukipoa mshipa haupatikani. Omba mtu mzoefu wa mishipa, hilo si ukorofi. Na mkishachomwa mara mbili bila mafanikio, omba abadilishwe mchomaji.

Usimwambie "haiumi". Akishagundua ni uongo hakuamini tena, wala wewe wala sisi. Mwambie itauma kidogo, tutahesabu pamoja. Mpe kazi: apulize povu la sabuni, au apulize tu mkono wako kama anapoza chai.

Ipo pia ganzi ya kupaka, EMLA, baadhi ya famasia kubwa zinayo. Inapakwa juu ya ngozi, inafunikwa, na inahitaji kama saa nzima kufanya kazi, kwa hiyo ni ya miadi, si ya dharura. Muulize daktari wake kwanza.

Na kwa wenye wachanga wanaosoma hapa: wakati wa chanjo mnyonyeshe. WHO walishaandika 2015: mtoto ashikwe na mzazi, anayenyonya anyonye, na kama chanjo ni zaidi ya moja, inayouma zaidi iwe ya mwisho. Haigharimu hata senti.

#15 Pwani Tulivu

Salaam kutoka Mombasa. Mie nina kliniki ndogo ya meno. Hebu niambieni bei, na je, naweza kununua hizi za gemu nikaziweka kwa watoto?

#16 Fundi Vifaa

Meta Quest 3S, miwani ya gemu ya kampuni ya Meta, ilipotoka 2024 ilianzia dola 299, kabla ya usafiri na ushuru. Kifaa chenyewe si tatizo tena, simu nyingi mnazotumia hapa ni ghali kuliko hiyo. Matatizo yapo pengine.

Moja, Meta wenyewe wanasema umri wa kuanzia ni miaka 10. Hizi za kitabibu kama Smileyscope zimetengenezwa kuanzia 4, na Marekani mamlaka yao ya FDA iliiruhusu mwishoni mwa 2023. Usichanganye hivyo viwili. Mwenye kifafa, anayetapika, mwenye kidonda kichwani, usimvalishe.

Pili, usafi. Ile sponji inayogusa uso inanyonya jasho na mate, na kwenye wodi ya vidonda hiyo ni nyumba ya wadudu. Itoe, weka ya silikoni inayopangusika, na futa kila baada ya mtoto mmoja. Lenzi usipanguse kwa spiriti, inachubua utando wake.

Tatu, na hili kwako wa meno ndilo kubwa: limiwani linashuka hadi puani. Mkono wako na taa yako vitagombana nalo. Kuna wanaofanya, lakini jaribu kwanza kwa mtu mzima aliyekubali. Na gemu la kuruka na kupiga ngumi halifai, mtoto atakupiga wewe au apige kisosi cha vifaa. Tafuta kitu anachotazama ametulia.

#17 Mtata wa Mtaa

Haya, sijaripoti. Ila Fundi, umesahau umeme ukikatika mapengwini yakiwa katikati.

#18 Fundi Vifaa

Ina betri, mkuu. Kama saa mbili hivi. Kinachokatika ni intaneti, kwa hiyo programu ipakuliwe kabla.

#19 Mama Nuru

Asanteni sana, nimeandika yote kwenye daftari. Sista, simu yangu ya kawaida na katuni zake, inafaa badala ya hiyo miwani? Anapenda za magari.

#20 Nesi wa Usiku

Inafaa, mama. Haimfuniki kama miwani lakini ni bora kuliko dari. Achague mwenyewe anachotaka, na anzeni mapema, kabla nesi hajafungua kifurushi cha branula (ile sindano ya mshipani), maana akishaiona humrudishi tena. Mkono usiochomwa ndio ushike simu, awe anabonyeza bonyeza, asitazame tu. Sauti juu, wakilalamika waambie nimesema mimi. Na uiweke hali ya ndege, mjomba asije akapiga katikati ya sindano.